Amplifaya ya Kwaya na Volti 120

Mwezi Julai 2024, nikiwa likizo ndefu, kwaya ya vijana ya parokia moja wilayani Biharamulo ilinikabidhi bahasha yenye shilingi 1,150,000. Noti za elfu kumi zilikuwa chache. Nyingi zilikuwa za elfu moja na elfu mbili, zimekunjwakunjwa, nyingine zinanuka moshi wa jikoni. Ilikuwa michango ya mwaka mzima. Kuna waliofanya vibarua vya kupalilia mahindi, kuna waliouza maharage, na zawadi za harusi nne walizoimba hazikuguswa hata senti. Mwenyekiti wa kwaya akasema mbele ya wote, "Frateri, wewe ndiye unayejua mambo ya magitaa. Tutafutie amplifaya." Nikapokea kwa mikono miwili. Sikuwaambia kwamba amplifaya hiyo nilikwisha kuichagua tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu.

Nimeombwa niandike kuhusu kununua vyombo vya muziki kwa kwaya zenye fedha kidogo. Nitaandika hilo, lakini siwezi kuliandika bila kusimulia yaliyotupata.

Mimi ni mtoto wa Ngara, upande wa Rulenge. Jirani yetu mmoja, mzee aliyepiga gitaa la ridhim katika bendi ya dansi enzi za ujana wake, alikuwa na amplifaya ya zamani aliyoachiwa na mmisionari aliyerudi kwao Ulaya. Kwa miaka mingi Ngara na Biharamulo zilitegemea umeme wa jenereta za dizeli, nje ya gridi ya Taifa, na kijijini kwetu hata huo haukufika. Mzee alikuwa na jenereta yake ndogo aliyoiwasha jioni za Jumapili. Amplifaya ilikuwa wazi kwa nyuma, na ndani yake zilisimama chupa ndogo za kioo. Alipoiwasha haikusema kitu. Tulisubiri kama nusu dakika, chupa zikaanza kuwaka wekundu kama makaa yanayopulizwa, ndipo akagusa uzi mmoja. Ile sauti sijaisahau. Ilikuwa laini bila kuwa dhaifu, na kila noti ilisimama peke yake, ikakaa, kisha ikaondoka taratibu. Mzee alisema, "Hizi ni valvu, mjukuu wangu. Siku hizi hawatengenezi."

Katika hilo la mwisho alikosea, kwani valvu bado zinatengenezwa, ingawa viwanda vimebaki vichache, vingi vyake Urusi, China na Slovakia. Historia yake ni fupi. Mwingereza John Ambrose Fleming alipata hataza ya valvu ya kwanza mwaka 1904. Miaka miwili baadaye Mmarekani Lee de Forest aliongeza ndani yake kiwavu kidogo kinachoitwa gridi, na hapo ndipo valvu ilipoweza kukuza sauti. Fikiria mfereji wa kumwagilia mboga: maji mengi yanapita, na bati dogo linawekwa katikati. Ukilisogeza bati hilo kidogo kwa kidole, maji mengi yanaongezeka au kupungua. Ndani ya valvu, kathodi iliyopashwa moto inatoa elektroni, anodi inazivuta, na gridi ndiyo bati. Mkondo hafifu wa gitaa unaitikisa gridi, na mtikisiko ule ule unatokea upande wa pili ukiwa mkubwa. Transista, iliyozaliwa katika maabara za Bell huko Marekani Desemba 1947, inafanya kazi hiyo hiyo bila moto na bila kioo, na ndiyo iliyozifukuza valvu kwenye redio zetu. Kwenye magitaa haikuweza kuzifukuza kabisa.

Sababu yake ni hii. Kila amplifaya ina kikomo. Ukiidai zaidi ya uwezo wake, vilele vya mawimbi ya sauti vinakatwa na gitaa linaanza kukwaruza. Transista inakata ghafla, kama panga. Valvu inaanza kupinda mapema, kidogo kidogo, na sikio linaiona hali hiyo kama joto au ulaini. Wapigaji wa roki wanaupenda mkwaruzo na wanalipa fedha nyingi kuupata. Kwaya zetu haziuhitaji. Solo ya kwaya za huku kwetu imetoka kwenye muziki wa dansi, kwa akina Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, kwa Franco na Dk. Nico wa Kongo. Muziki ule unadai noti zinazohesabika moja moja, zenye kung'aa, zisizogombana na waimbaji. Miaka ya 1960, wapigaji wa namna hiyo walipokuwa wakiwika, amplifaya za gitaa karibu zote zilikuwa za valvu. Kwa hiyo sikuwa na ndoto ya kipuuzi. Nilikuwa na sababu zangu, na mwanafunzi wa falsafa akishakuwa na sababu huwa ni mtu wa hatari kidogo.

Tena nilikuwa na Mtakatifu Thoma wa Akwino upande wangu. Mwaka ule tulikuwa tumesoma anavyotaja mambo matatu ya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Nilijiambia kwamba gitaa la kwaya yetu, lililokuwa limechomekwa kwenye spika moja pamoja na kinanda na maikrofoni mbili, na kulia kama nyigu ndani ya kopo, lilikosa yote matatu. Mzee mmoja wa Kamati Tendaji aliyeuliza kama gitaa linafaa kanisani nilimjibu kwa hati ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu Liturujia, namba 120, inayoipa heshima kubwa ogani ya mabomba na kisha kuruhusu vyombo vingine kwa idhini ya wenye mamlaka, mradi vifae kwa matumizi matakatifu. Padri Paroko aliruhusu. Mzee akanyamaza. Leo naona kwamba nilimjibu swali lake kabla sijalisikiliza vizuri, kwa sababu alichoongeza kilikuwa: "Na mtaitunzaje?"

Nilisafiri kwenda Mwanza. Siku zile tulivuka Busisi kwa feri, kwani daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ilinipa muda wa kutosha wa kuhesabu wati.

Hapa naomba niseme kitu cha kufaa kwa kwaya yoyote inayotaka kununua. Watu wanadhani wati 30 zina kelele mara mbili ya wati 15. Sivyo. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, sikio linasikia tofauti lakini halishtuki. Ili sauti ionekane imeongezeka maradufu unahitaji kama wati mara kumi. Faida ya wati nyingi kwa mtu anayetaka sauti safi iko kwingine, nayo ni nafasi iliyobaki kabla ya kikomo. Amplifaya ya valvu ya wati 5 ni tamu chumbani, lakini ikishindana na ngoma, kayamba na waimbaji arobaini itakwaruza kabla hujasikika. Fender Blues Junior, yenye wati 15 na valvu mbili za EL84, au Vox AC15 ya uwezo kama huo, zinatosha kanisa dogo mpigaji akiwa na mkono wa adabu. Bugera V22 ina wati 22 na spika ya inchi 12. Fender Hot Rod Deluxe ina wati 40 kutoka valvu mbili za 6L6, na hiyo ina nafasi tele ya usafi, ila mpya haigusiki kwa bahasha kama yetu. Spika nayo isisahauliwe, maana inayotoa desibeli 100 kwa wati ile ile ambayo nyingine inatoa 97 ni sawa na kuongezewa wati mara mbili bure. Mwangwi wa kutengenezwa msiulipie. Kanisa la matofali lenye paa la bati lina mwangwi wake, na mwingi.

Jambo jingine ni mkono. Wengi wanafungua kitufe cha geni hadi mwisho, wanapunguza masta, kisha wanalalamika kwamba amplifaya inakwaruza. Kwa sauti safi fanya kinyume: geni chini, masta juu, na sauti ya gitaa lenyewe ishushwe kidogo kutoka kumi hadi saba.

Katika duka moja la vitu vilivyotumika nilikuta amplifaya ya wati 30, valvu nne za EL84 na tatu za 12AX7, bei shilingi 900,000. Jina la kampuni silitaji kwa kuwa kosa halikuwa lake. Muuzaji aliiwasha, nikachomeka gitaa, nikapiga. Nilirudi Rulenge, nilirudi kwenye ule mkeka wa mzee. Nilipoigeuza nikaona maandishi nyuma: volti 120, hezi 60. Ilitoka Marekani, na umeme wetu ni volti 230. Muuzaji hakunificha kitu. Alinionyesha transfoma ya kushushia umeme iliyokaa sakafuni, akaniuzia na hiyo kwa 120,000. Nauli na mzigo vikamaliza karibu yote yaliyobaki.

Kulikuwa na amplifaya nyingine pale, ya transista, wati 50, spika ya inchi 12, ya volti 230, shilingi 480,000. Niliijaribu kwa dakika mbili, kwa heshima tu. Ilikuwa safi. Ilikuwa safi kabisa, na msomaji ajue kwamba baadhi ya sauti safi zinazosifiwa zaidi duniani zimetoka kwenye transista, kama Roland JC-120 iliyoanza kuuzwa mwaka 1975. Niliiacha kwa sababu haikuwaka wekundu ndani.

Tarehe 15 Agosti, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, ilipigwa kwa mara ya kwanza. Mpiga solo wetu, kijana wa kidato cha tatu, hakuwahi kusikia gitaa lake likisema vile. Wakati wa matoleo alipiga kipande kifupi kati ya beti mbili, na nikawaona akina mama wakiinua macho. Nilifurahi mno. Baada ya Misa niliwafundisha vijana: transfoma kwanza, halafu amplifaya. Washeni, subirini. Msiiwashe kamwe bila spika kuunganishwa, itaungua. Msiifungue nyuma hata ikiwa imezimwa, kwani kapasita zake zinashika volti za kuua mtu muda mrefu baada ya kuchomoa waya. Walitikisa vichwa. Septemba nikarudi seminarini.

Oktoba mwalimu wa kwaya alinipigia. Jumamosi ya mazoezi waya mrefu wenye matundu mengi ulikuwa umefungwa ukutani, transfoma ilikuwa chini ya benchi, na mpiga solo alichomeka amplifaya moja kwa moja. Fyuzi ilikata. Hilo lilikuwa jambo jema, fyuzi ilifanya kazi yake. Lakini fyuzi nyingine haikuwepo, na mtu mmoja, kwa ile elimu tunayoijua sote vijijini, alizungushia uzi wa shaba, wakachomeka tena. Kukatokea mwanga mkali kwenye zile chupa, mlio, harufu ya lami inayoungua, kisha moshi. Nyuzi za kupasha valvu, zinazotaka volti 6.3, zilipata karibu 12. Kapasita zilivimba. Koili ya transfoma ya ndani iliungua.

Nilimwuliza mwalimu, "Kijana yukoje?" Akasema hakuumia, lakini tangu siku hiyo haji kwenye mazoezi. Haji hata kwenye Misa.

Likizo iliyofuata, kabla sijaigusa ile amplifaya, nilikwenda kwao. Ni kigango cha mbali, upande wa Nyakahura, nusu ya safari kwa bodaboda na nusu kwa miguu. Mama yake alinikaribisha kwa uji. Kijana alikuwa shambani, na aliponiona alisimama na jembe lake bila kusogea.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina, Frateri." Halafu, kabla sijasema lolote: "Nitailipa. Nimelima nusu eka ya maharage. Nitailipa kidogo kidogo."

Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, yote yalikuwa ya kumsamehe. Nilipomsikia akisema maharage, nikaona kwamba nilikuja na msamaha usiokuwa wangu kuutoa. Nilimwambia kulikuwa na amplifaya nyingine dukani, ya bei nusu, ambayo angeichomeka popote, asubuhi au usiku, na isingemdhuru. Nilimwambia niliiacha kwa sababu nilitaka kile nilichokisikia nikiwa mtoto, na nilikitaka kwa fedha zao. Alinitazama kwa muda. Akauliza, "Hiyo nyingine ilikuwa inalia vibaya?" Nikasema hapana, ilikuwa inalia vizuri. Akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa, akasema, "Lakini hii yetu ilikuwa tamu, Frateri."

Nilikunywa uji wangu. Sikujua niseme nini.

Amplifaya niliipeleka Ngara mjini kwa fundi redio, mzee aliyejifunza kazi enzi za redio za valvu. Aliikagua nusu saa bila neno. Kisha akauliza, "Anayeiwasha kila Jumapili ni nani?" Nikajibu vijana wa kwaya. "Ulipokuwa unanunua uliwauliza?" Nikanyamaza. Katika darasa la maadili tumesoma Aristotle juu ya busara ya kutenda, ile inayoangalia mtu huyu, mahali hapa, saa hii. Niliijibu vizuri kwenye mtihani.

Mzee alisema kununua transfoma nyingine ya volti 120 ni kuzika pesa mara ya pili. Alinipeleka kwa fundi wa kusuka koili za mota, wakakubaliana aisuke upya kwa volti 230, ili ile transfoma ya nje isihitajike tena. Valvu tano kati ya saba zilikufa. Ziliagizwa Dar es Salaam kwa mfanyabiashara anayeuza vipuri vya redio, na hapo nilijifunza kwamba 12AX7 na ECC83 ni kitu kimoja, na EL84 inaitwa pia 6BQ5. Ajuaye majina yote mawili anapata kwa urahisi zaidi. Gharama zote zilifika shilingi 340,000. Kwaya ilitaka kuchanga nikakataa, na Padri Paroko, baada ya kunisikiliza, alisema nilipe mwenyewe na nisiwe na haraka.

Kwa hiyo kwaya inayoniuliza leo ninunue nini, naiambia hivi bila kupepesa. Kama hakuna fundi wa valvu mnayeweza kumfikia kwa siku moja, na kama mpigaji wenu atabadilika kila akimaliza shule, nunueni ya transista yenye wati 50 au zaidi na spika ya inchi 12, jaribuni dukani kwa gitaa lenu, na fedha inayobaki nunueni nyuzi na stabilaiza, maana umeme wetu wa jioni unapanda na kushuka. Gridi imefika kupitia Nyakanazi, na mitambo ya maporomoko ya Rusumo, megawati 80 tunazogawana na Rwanda na Burundi, ipo karibu nasi, lakini waya wa kijijini una tabia zake. Kama mnataka valvu, na kutaka si dhambi, basi ya volti 230 tangu kiwandani, wati 15 au zaidi, na seti moja ya valvu za akiba inunuliwe siku hiyo hiyo. Na anayekwenda dukani aende na yule atakayeiwasha.

Amplifaya ilirudi kanisani Agosti 2025. Fundi alikuwa ameandika nyuma kwa rangi nyeupe, herufi kubwa: VOLTI 230. Mpiga solo alikuja, akakaa benchi la nyuma mazoezi mawili ya kwanza, la tatu akashika gitaa. Kabla ya kuchomeka alisoma yale maandishi, akafuata waya kwa mkono mpaka ukutani, akarudi akasoma tena. Tukasubiri chupa ziwake. Halafu akapiga kipande kile kile cha Kupalizwa, polepole kuliko mwanzo.

Bado nadaiwa shilingi 140,000. Maharage ya nyumbani yakikauka nitapunguza tena.